Kadi Yasema Nivae Nyeusi, Simu Yasema Hudhurungi: Nimfuate Nani?

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 36, na ni mhasibu katika chama cha akiba na mikopo hapa Dodoma. Ninakuandikia juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini ni mwezi wa saba sasa linaninyima raha kila asubuhi ninapofungua kabati la nguo.

Mwaka jana nilipandishwa cheo, nikatazama mavazi yangu na kuona kwamba hayana mpango wowote: kitenge hiki nilipewa zawadi, blauzi ile niliinunua mitumbani kwa sababu ilikuwa bei rahisi, na sketi nyingine ni sare ya harusi ya mwaka 2017. Nilitaka niwe na mtindo wangu mwenyewe, ambao mtu akiuona atasema huyu ni fulani. Rafiki yangu akanielekeza kwa mshauri wa mavazi wa Dar es Salaam ambaye humpima mtu rangi na kumwambia ni wa majira gani. Nilimlipa shilingi 180,000. Alinikalisha mbele ya kioo kilichozungukwa na taa, akanifunika mabegani vitambaa vingi kimoja baada ya kingine, na baada ya muda wa saa moja hivi akatamka kwamba mimi ni wa majira ya baridi. Alinipa kadi yenye vipande vya rangi: nyeusi, nyeupe pepepe, bluu iliyokolea, zumaridi, zambarau na pinki kali. Rangi ya machungwa, manjano ya haradali, krimu, hudhurungi na kijani cha jeshi akaniambia niachane nazo kabisa, kwa kuwa zinanizeesha.

Nilimtii. Niligawa nguo 23 kwa ndugu na majirani. Nilibakiza gauni moja tu la kitenge cha rangi ya machungwa, ambalo nilishindwa kulitoa. Nililikunja nikaliweka chini kabisa ya sanduku.

Miezi miwili iliyopita mdogo wangu alinipakulia programu ya simu inayofanya kazi hiyohiyo kwa kupiga picha ya uso. Ikasema mimi ni wa majira ya vuli, na rangi ilizonichagulia ni zilezile nilizokatazwa. Nilirudia jioni, ikanipa jibu jingine tena.

Mume wangu, ambaye si mtu wa kuzungumzia mavazi, juzi ameniambia kwamba siku hizi ninavaa kama mtu aliye msibani. Na mwezi ujao wifi yangu ana sendofu, na kamati imechagua sare ya manjano ya haradali. Kitambaa nimekwisha kukilipia, lakini sijakipeleka kwa fundi, na wifi ameanza kudhani kwamba ninamringia.

Ngozi yangu ni nyeusi, kama kahawa iliyokaangwa ikakolea. Je, nitafute mtaalamu wa tatu aamue, au nilidanganywa tangu mwanzo?

Mama wa Wawili, Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa cheo.

Usimlipe mtu wa tatu. Sisemi hivyo kwa sababu hao wawili walikudanganya, bali kwa sababu ukiyasoma majibu yao kwa utulivu utaona kwamba hayapingani kwa kiasi unachodhani, na lile walilotofautiana unaweza kulipima mwenyewe nyumbani kwako bila kutoa hata senti. Kuhusu zile nguo 23 sitakulaumu, maana umekwisha kujilaumu vya kutosha. Ila kuanzia leo usigawe nguo hata moja mpaka tumalize mazungumzo haya.

Ili uelewe walikubaliana wapi, inafaa ujue kwamba rangi yoyote huelezwa kwa mambo matatu, ambayo Mmarekani Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa sanaa, aliyapanga vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1905. Kwanza ni rangi ipi: nyekundu, bluu, kijani na kadhalika. Pili ni wepesi au uzito wake, jinsi samawati ya anga ilivyo mbali na bluu ya wino ingawa zote ni bluu. Tatu ni kukolea kwake: kanga iliyotoka dukani leo na kanga hiyohiyo baada ya kufuliwa mwaka mzima haitofautiani jina la rangi, lakini ya pili imechujuka. Juu ya hayo matatu washauri wa mavazi huongeza swali la kuegemea, yaani iwapo rangi ina moto ndani yake kwa kuelekea manjano, au ina ubaridi kwa kuelekea bluu. Nyekundu ya nyanya iliyoiva ina moto; nyekundu ya juisi ya rozela ina ubaridi.

Sasa rudi kwenye majibu yako. Majira ya baridi ya mshauri wako ni kapu la rangi nzito, zilizokolea, zenye ubaridi. Vuli ya simu yako ni kapu la rangi nzito zenye moto, zilizotulia kidogo. Mfumo huu wa kuwapanga watu kwa majira ya mwaka awali ulikuwa na majira manne: machipuko, kiangazi, vuli na baridi. Baadaye ulipanuliwa ukawa na majira 12, na katika mpangilio huo sehemu nzito ya majira ya baridi na sehemu nzito ya vuli ni majirani wanaopakana ua. Kwa hiyo wote wawili wamekuambia jambo moja kubwa, kwamba rangi nzito hazikulemei. Walipoachana ni kwenye moto na ubaridi peke yake, na hapo ndipo hata wazoefu hukosea, hasa kwa ngozi kama yako na yangu.

Niseme kidogo juu ya hayo majira, kwa sababu jina lenyewe limepotosha wengi. Vuli wanayoitaja si mvua zetu fupi za pwani za kati ya Oktoba na Desemba, ambazo ninyi wa Dodoma, wenye msimu mmoja wa mvua, mnazisikia katika taarifa ya hali ya hewa tu. Ni msimu wa nchi za kaskazini ambapo majani ya miti hugeuka manjano, kutu na hudhurungi kabla ya kupukutika. Johannes Itten, mwalimu wa sanaa kutoka Uswisi aliyeanza kufundisha katika shule ya Bauhaus kule Ujerumani mwaka 1919, aliona kwamba wanafunzi wakiachiwa wachague wenyewe rangi zinazopatana, mara nyingi kila mmoja huchagua zinazofanana na nywele, macho na ngozi yake. Aliliandika hilo katika kitabu chake cha mwaka 1961. Wengine wakaliendeleza, na kitabu cha Mmarekani Carole Jackson cha mwaka 1980 ndicho kilichoyafikisha majira manne kwa watu wa kawaida. Watu wenye ngozi nyeupe waligawanywa kwa uangalifu katika makapu yote manne, kulingana na nywele za dhahabu, nyekundu au kahawia, na macho ya bluu, kijani au kijivu. Sisi weusi, pamoja na watu wa Asia, wengi wetu tulitiwa katika kapu moja la majira ya baridi kwa kuwa nywele na macho yetu ni meusi, utadhani ngozi ya Mdinka na ya Mhaya ni ngozi moja. Wataalamu wa siku hizi wameanza kulisahihisha hilo, lakini si wote, na simjui mshauri wako yuko upande gani. Mtu mwenye ngozi nyeusi akiambiwa ni wa majira ya baridi, nami humuuliza: ulipimwa, au ulitazamwa tu?

Kipimo chenyewe lakini si uganga, na ningekuwa mwongo kama ningekwambia ukidharau. Mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipokuwa akisimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, yalimfikia malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazina weusi wa kutosha. Akachunguza dawa ya rangi akaikuta haina kasoro. Tatizo lilikuwa rangi zilizofumwa kando ya ile nyeusi. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kinene kuonyesha kwamba rangi huisukuma jirani yake ielekee upande ulio kinyume, na ndani yake akaeleza hata namna kitambaa kinavyoubadilisha uso wa mvaaji: kijani huufanya uso uonekane mwekundu zaidi kuliko ulivyo. Kwa upande mwingine kitambaa hurudisha nuru yake kwenye kidevu na chini ya macho, kikiupaka uso rangi yake chenyewe. Ni nguvu mbili zinazovutana, moja inasukuma na nyingine inapaka, ndiyo maana mimi siamini kadi inayobashiri rangi bila mtu kutazama. Manjano ya haradali kwa mwanamke mmoja mweusi humtoa kama mwezi wa kumi na nne, na kwa ndugu yake wa tumbo moja humwacha amepauka mdomoni na pembeni mwa pua.

Ulichokosa kwa mshauri ni nuru ya mchana. Taa za kuzunguka kioo zina rangi yake: nyingine zina umanjano, nyingine zina ubluu, na vitambaa viwili vinavyofanana chini ya taa vinaweza kutengana ukivitoa nje, kama anavyojua kila aliyewahi kununua bitana usiku akakuta asubuhi haiendani na gauni. Simu ndiyo mbaya zaidi. Kamera hurekebisha rangi yenyewe bila kukuuliza, ikijaribu kubahatisha nyeupe ni ipi, na simu nyingi hulainisha na kung'arisha uso hata kabla hujagusa kitu. Usisahau kwamba upigaji picha wa rangi ulikua ukirekebishwa kwa ngozi nyeupe. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima usahihi wa rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Programu iliyokupa jibu moja mchana na jingine jioni ilikuwa ikipima dirisha na balbu yako.

Basi pima wewe. Chagua siku ya mapumziko, saa tatu au saa nne asubuhi, ukae ukilielekea dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, na ukuta wa chumba usiwe wa rangi kali. Nawa uso, usipake poda wala mdomo, funga nywele kwa kitambaa cheupe, vua hereni. Mwombe fundi wako vipande vya bitana na mabaki ya vitambaa vya rangi moja, kwa sababu kanga na kitenge zina rangi nyingi mno ndani yake na hutajua ni ipi iliyofanya kazi. Kisha usiweke kitambaa kimoja na kujiuliza kama umependeza. Weka viwili vinavyokaribiana, ukivibadilisha haraka chini ya kidevu. Anza na nyeupe pepepe dhidi ya krimu, kisha nyekundu ya nyanya dhidi ya nyekundu ya rozela, halafu kijani cha zumaridi dhidi ya kijani cha jeshi. Tazama uso, si kitambaa. Kosa la wengi ni kukipenda kitambaa. Angalia chini ya macho, kwenye mikunjo ya kando ya mdomo na kwenye ukingo wa taya: rangi iliyokukubali huyafanya macho yatangulie kuonekana na kuifanya ngozi iwe ya namna moja, na iliyokukataa hukuletea vivuli na ule upaukaji kama wa mtu ambaye hajapaka mafuta. Awepo mtu wa pili, asiyejua kukubembeleza. Ningependekeza wifi yako, kwa sababu nitakazozieleza.

Usijishughulishe na ile habari ya kutazama mishipa ya mkono kama ni ya kijani au ya bluu. Kwa wengi wetu mishipa haionekani vya kutosha, na hata ikionekana haisemi lolote la kuaminika. Dhahabu na fedha zinaweza kukusaidia kidogo; weka mkufu wa kila aina shingoni uone upi unaingia mwilini na upi umekaa juu juu. Ukikuta vyote viwili vinakufaa, kama inavyotokea kwa watu wengi, ujue umesimama kwenye ule mpaka wa majirani niliokutajia, na una uhuru kuliko kadi yako inavyokubali. Wakati huo kinachokuongoza kitakuwa uzito na kukolea kwa rangi, na moto au ubaridi wake hautakuwa na uzito mkubwa.

Kuna jambo moja nakusihi uwe nalo macho unapopima, na unapomsikiliza yeyote anayekupima. Kwetu neno kung'ara limechanganywa na neno kuwa mweupe. Nimesikia zaidi ya mara moja mteja akiambiwa, "Hii inakutoa, inakung'arisha," na maana yake ikawa kwamba amepungua weusi. Rangi inayokukubali hukuacha na weusi wako wote, ukiwa na uhai ndani yake. Inayokupunguza weusi inaweza kuwa imekupauza tu na hakuna aliyeitambua. Kama katika vitambaa vile vya shilingi 180,000 mshauri alikuwa akitafuta kile kinachokuonyesha mweupe zaidi, kadi hiyo imeandikwa kwa swali ambalo hukuuliza.

Kuhusu mume wako, mwanangu, huenda amesema kweli bila kujua sababu yake. Nyeusi iko kwenye kadi, lakini kuwa kwenye kadi si amri ya kuivaa kuanzia shingoni hadi miguuni siku tano za wiki. Juu ya ngozi nzito yenye nywele nyeusi, nyeusi tupu isiyo na kitu cheupe wala chenye kukolea karibu na uso inaweza kuzimisha kila kitu, mtu akabaki macho na meno. Bluu iliyokolea, damu ya mzee, zambarau ya bilinganya, kijani cha chupa, zote hizi hufanya kazi ya nyeusi ofisini bila kuleta msiba. Tena unaishi Dodoma. Vumbi la hapo halijui majira ya mtu, na nyeusi na nyeupe pepepe ndizo rangi mbili zinazolionyesha kwanza. Hudhurungi na rangi ya udongo uliyokatazwa ingekuokoa kwenye sketi na suruali, mahali ambapo iko mbali na uso na haiwezi kukupauza hata kama haikupendi.

Hilo ndilo washauri wengi huliacha pembeni. Rangi hufanya kazi yake karibu na uso, kuanzia kifuani kwenda juu, na chini ya hapo mambo mengine huchukua nafasi: ushonaji, urefu, uzito wa kitambaa, namna unavyokaa na kuinuka siku nzima kwenye kiti cha ofisi, unavyopanda bajaji. Ulimwendea mshauri ukitafuta mtindo ukarudi na rangi, na hivi si kitu kimoja. Mwanamke anayevaa kila siku gauni lililomkaa mabegani, lenye mikono ya robo tatu na mfuko wa kutosha simu, atatambulika kwalo hata akibadilisha rangi kila juma. Jiulize ni nguo gani, katika zote ulizowahi kushona, ulimrudia fundi ukasema, "Nishonee nyingine kama hii." Mtindo wako umo humo.

Sare ya wifi ishone, tena wiki hii. Hiyo si nguo ya kujipima uzuri. Kamati ilipochagua haradali haikukutazama wewe peke yako, na kuivaa kwako ni kumwambia mbele ya ukoo kwamba na wewe umo. Ukikuta kwenye dirisha kwamba haradali inakukubali, hakuna la kuongeza. Ikikukataa, mwambie fundi aishushe shingo kidogo na kuizungushia utepe wa rangi iliyokukubali, au ushone sehemu ya chini kwa kitambaa cha sare na blauzi ya juu kwa rangi nyingine kama kamati inaruhusu. Ongeza kilemba na hereni kubwa, paka mdomo wa damu ya mzee, na haradali itakaa mbali na uso wako vya kutosha. Ukimwita wifi aje kukushikia vitambaa dirishani, ukamwonyesha na hicho cha sare na kumwomba ushauri wa shingo, hatadhani tena kwamba unamringia.

Na siku hiyo, kabla hamjaanza na vipande vya bitana, lifungue sanduku ulitoe gauni la machungwa. Uligawa nguo 23 ukashindwa kuligawa hilo, na sidhani kwamba ulishindwa kwa ajili ya rangi peke yake. Livae lote, si kulishikilia kidevuni. Mwache wifi akuangalie mbele na nyuma, kisha chukueni karatasi muandike mshono wake ukoje: shingo, mikono, kiuno, urefu. Karatasi hiyo ndiyo umpelekee fundi pamoja na kitambaa cha sare.

Shangazi